Kumbukumbu ya mradi: kura za kupanga wagombea kwa AMCOS ya korosho, Tandahimba

Tunatafuta kanuni ya kumchagua mwenyekiti wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao) ambayo kura zake zitahesabiwa kwa mkono, mbele ya wanachama, siku hiyohiyo. Kila mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba: 1 kwa anayempenda zaidi, kisha 2, na kuendelea. Safari hii kanuni nne zimejaribiwa kwa karatasi zilezile 100 za mfano. Wagombea wamepewa majina ya mazao; namba ni idadi ya karatasi, na majina yanafuatana kuanzia chaguo la kwanza:

40: Korosho, Mbaazi, Ufuta
35: Ufuta, Mbaazi, Korosho
17: Mbaazi, Ufuta, Korosho
8: Mbaazi, Korosho, Ufuta

Kwa kura za kawaida Korosho anashinda na 40 zake. Kwa kumwondoa wa mwisho, Mbaazi anatoka na 25. Karatasi 17 zinahamia kwa Ufuta, 8 kwa Korosho, na Ufuta anashinda 52 kwa 48. Wakishindanishwa wawili wawili, njia ya Condorcet, mwanahisabati Mfaransa, ya mwaka 1785, Mbaazi anampita Korosho 60 kwa 40 na Ufuta 65 kwa 35. Pointi za Borda (2 kwa chaguo la kwanza, 1 la pili, 0 la mwisho) nazo zinampa Mbaazi 125, Korosho 88, Ufuta 87. Washindi watatu! Burlington, Marekani, ilitokea hivyo mwaka 2009, meya alipochaguliwa kwa kumwondoa wa mwisho: Andy Montroll aliondolewa akiwa wa tatu, ilhali karatasi zilionyesha angemshinda kila mpinzani ana kwa ana. Mwaka uliofuata wakazi walipiga kura kuufuta utaratibu huo.

Borda inahesabika haraka, lakini kwetu haifai. Kambi ya Korosho ikimsimamisha mgombea wa pili, Korosho B, na kila mpiga kura akamweka nyuma tu ya Korosho, pointi zinakuwa 3, 2, 1, 0. Matokeo: Korosho 188, Mbaazi 185, Ufuta 139, Korosho B 88. Hakuna aliyebadili mawazo, ila mshindi amebadilika. Kwenye chama ambacho fomu ya kugombea hupatikana kirahisi, mlango huo hauwezi kuachwa wazi.

Kuhusu vituo: kumwondoa wa mwisho kunadai karatasi zote zikutane mahali pamoja, au kila kituo kitume idadi ya kila mpangilio. Wagombea 3 wana mipangilio 6, jambo linalowezekana. Wagombea 5 wana 120, na hapo mawakala watachoka na kukosea. Jedwali la wawili wawili kwa wagombea 5 lina visanduku 20 tu, na majedwali ya vijiji yanajumlishwa moja kwa moja. Ndiyo maana tunaegemea huku.

Karatasi iliyorudia "1" mara mbili inakataliwa. Iliyoandikwa "1" peke yake inahesabiwa: aliyetajwa amewashinda wote waliobaki, na hao waliobaki hawapewi kitu kati yao.

Bado mzunguko: A amshinde B, B amshinde C, C amshinde A. Rasimu inasema ushindi mwembamba kuliko wote ufutwe, na ukilingana, bahati nasibu ichezwe hadharani. Kifungu hicho lazima kipitishwe na mkutano mkuu kabla fomu hazijatolewa.