Swali la Babu Shambani Kongwa

Matokeo ya kidato cha nne yalinikuta nyumbani Kongwa, mkoani Dodoma, Februari 1999. Daraja la pili. Baba mdogo aliyaleta kwa baiskeli, akiniita kwa sauti tangu barabarani, na jioni ile mbele ya tembe akawaambia majirani: "Huyu ametoka. Jembe basi tena!" Vigelegele vikapigwa. Nilifurahi sana, maana kutoka ndiko nilikokuwa nikisomea miaka yote.

Alfajiri babu akaniamsha twende kupalilia, kama siku nyingine. Mvua ilikuwa imekatika wiki ya tatu, kawaida yake kwetu mwezi huo, na majani ya mtama yalishaanza kujikunja. Babu akapiga jembe chini, likalia kama limegonga jiwe.

"Mjukuu wangu, shuleni wamekueleza kwa nini udongo huu mvua ikikatika unakuwa saruji?"

Nikanyamaza. Ningeweza kumchorea mashamba ya ngano ya Kanada, lakini sio hili.

Akaketi kwenye tuta, akanisimulia ya 1947, Waingereza walipoleta matrekta kulima karanga hapa hapa. Yeye alikuwa kijana wa kung'oa visiki. Jua likaugandisha udongo, majembe ya matrekta yakalika, karanga zikagoma kutoka ardhini. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. "Wale wote walikuwa wasomi," alisema taratibu. "Mama yangu aliujua udongo huu. Hakuna aliyemuuliza."

Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere mimi niliijua kwa mwaka wake tu, 1967. Niliukariri kwa ajili ya mtihani wa uraia, nikapata alama yangu. Kwamba Mwalimu alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili kwa anayebaki kijijini, si chujio la kuwapata wachache wa sekondari, hilo sikulijua. Darasa letu la saba tulichaguliwa watatu. Waliobaki tuliwaita walioshindwa, na neno hilo linaniuma hadi leo.

Mmoja wao alikuwa shamba la jirani asubuhi ile. Mtama wake ulisimama wima: alikuwa ameziba kwa udongo, hatua kwa hatua, mifereji iliyo kati ya matuta, maji ya Januari yasikimbie.

"Nenda ukamuulize," babu akasema.

Nikaenda hadi mpakani. Tangu darasa la saba sikuwahi kumuuliza kitu. Alinisikiliza, akapiga magoti, akaanza kufukua udongo kwa vidole anionyeshe unyevu ulipoishia.