Sanduku letu lina kufuli tatu

Mtoto wa kaka yangu alikuja Mbagala Jumapili, akanikuta nagonga mihuri ya hisa kwenye vitabu vya kikoba. Akacheka. "Shangazi, bado mko kwenye mihuri?" Akafungua kompyuta, akanieleza blokucheni: daftari moja, nakala zake kwenye mashine nyingi, kilichoandikwa hakifutiki, na hakuna katibu wa kuwaibia.

Katibu ni mimi. Chai nilimmiminia hivyo hivyo.

Nikamfungulia ukurasa wa Machi. Mwanachama alinunua hisa tano, nikagonga mihuri mitatu. Siku hiyo watoto walipiga kelele na sisi tulikuwa tunalalamikia bei ya sukari. Wiki iliyofuata akashtuka. Tukahesabu fedha mbele ya wote, zikazidi hisa mbili kamili. Nikamalizia mihuri, nikatozwa faini ya shilingi 1,000, wakanicheka hadi tunafunga kikao. Nikamuuliza: mashine zako zingejuaje kwamba mama wa watu alitoa hela ya hisa tano?

"Zisingejua. Mngeongeza mstari wa kusahihisha."

Kwa idhini ya nani? Kimya.

Na ukipoteza yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yako ya mtandaoni? Basi, fedha zimekwenda. Kikoba chetu nusu tumewahi kusahau namba ya siri ya simu, tukaenda na kitambulisho, tukasaidiwa.

Kijana mwenyewe ndiye aliyenisimulia habari za Ethereum, mojawapo ya hizo blokucheni, mwaka 2016. Kulikuwa na mfuko ukiitwa The DAO. Mtu akatumia kasoro ya programu yake akachota etha, sarafu ya Ethereum, zaidi ya milioni 3.6. Julai wengi wakakubaliana kubadili kumbukumbu ile isiyobadilika ili fedha zirudi. Waliokataa wakabaki na daftari la zamani, likaitwa Ethereum Classic. Yaani walikaa kikao! Tena kikao kilichovunja kikundi.

Anasema mteja wake wa nje humlipa kwa dola za mtandaoni na zinafika upesi. Hapo sibishani, mpokeaji ni yeye.

Kabla hajaondoka alilitazama sanduku letu: kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti. Akasema kwenye blokucheni nako kitu hicho kipo, fedha hazitoki mpaka saini kadhaa zitimie, na watu wanakisifu sana.

Akauliza funguo wanazo akina nani. Nikamwambia anywe chai inapoa.