Safari ya Turkana Huanzia Chalbi: Maandalizi Yetu ya Agosti

Mwezi wa nane, Mungu akipenda, tutatoka Nairobi watu wanne katika Land Cruiser moja kuelekea Ziwa Turkana kwa njia ya Maralal, Baragoi, South Horr na Loiyangalani. Kutoka hapo tutazunguka kupitia North Horr, jangwa la Chalbi na Kalacha hadi Marsabit, ambako tutaipata lami ya kuturudisha nyumbani. Tumetenga siku nane. Shemeji yangu, ambaye ndiye dereva wa pili, aliitazama ramani akasema kwamba siku tano zatosha, na kwa hesabu ya kilomita hakukosea. Lakini mimi nimewahi kuipita njia hii kwa hesabu ya kilomita, na ndiyo maana safari hii nimeipanga kinyumenyume, nikianza na mahali panaponitia hofu kuliko pote.

Mahali hapo ni Chalbi. Maelfu ya miaka iliyopita palikuwa ziwa, na ukisimama katikati yake wakati wa kiangazi bado unaiona sakafu ya ziwa hilo: tambarare isiyo na mti, nyeupe kwa chumvi, ngumu kiasi kwamba gari hukimbia vizuri kuliko katika barabara nyingi za sehemu zile. Mvua ikinyesha, hugeuka tope na maji yaliyotuama, na hakuna dereva mwenye akili anayejaribu kuikata. Hatari kubwa, kwa maoni yangu, haiko katika hali hizo mbili, kwa kuwa kila moja inaonekana kwa macho. Hatari iko katika zile siku za katikati, mvua ikiwa imekatika na juu pameanza kukauka.

Miaka minne iliyopita tulifika huko mwishoni mwa Mei, siku kama kumi hivi baada ya mvua ya mwisho. Chumvi ilikuwa imekauka na kupasuka vipande vipande, kingo zake zimejikunja juu. Nilishuka, nikaikanyaga, nikaona inanibeba, nikarudi garini. Tulikwenda mita mia mbili hivi kabla mlio wa magurudumu, ambao ulikuwa mkavu kama wa mtu anayetembea juu ya makaa, kufifia ghafla. Usukani ukawa mwepesi mikononi, kisha gurudumu la nyuma la kushoto likatoboa ganda la chumvi na kuzama. Chini ya ganda lisilozidi unene wa kidole palikuwa na tope la kijivu, laini kama samli. Tulipoweka jeki, jeki ndiyo iliyozama. Tulilala hapo, tukijaribu usiku kucha kutandika chini ya magurudumu zulia za gari na turubai la hema, hadi asubuhi lori la mbuzi lilipopita mbali kidogo na dereva akatuona. Abiria waliokuwa juu ya mzigo walishuka wakatusaidia kuchimba bila kuombwa. Dereva alipomaliza kukunja mnyororo wake aliniambia, "Ndugu, hapa usifuate simu yako. Fuata alama za lori la jana, si za wiki iliyopita." Maneno hayo ndiyo msingi wa mpango wetu wote wa sasa.

Kwanza, yametuchagulia mwezi. Mvua za masika kaskazini huanza Machi na kufika Mei, na za vuli huanza Oktoba hadi Desemba, hivyo tumeiacha Juni nzima ipite ili ardhi ikauke hadi chini. Pili, yametupa siku ya akiba. Siku ya kwanza tutalala Maralal, ya pili South Horr, ya tatu Loiyangalani, na siku ya nne hatuendi popote. Wenzangu waliiona siku hiyo kuwa ya starehe, na chemchemi za Loiyangalani na mikoma yake kweli zinastahili siku nzima. Hata hivyo kazi yake hasa ni kumtafuta mtu aliyetoka North Horr jana au leo na kumuuliza njia ikoje. Tukiambiwa haipitiki, tutarudi South Horr na kutokea Laisamis kwa barabara iliyotengenezwa ili kupeleka mitambo ya umeme wa upepo, ile mitambo 365 inayoonekana upande wa kusini wa ziwa. Njia hiyo ya pili nimekwisha kuiandika katika mpango pamoja na mafuta yake, kwa sababu njia mbadala inayobuniwa mtu akiwa amechoka haina tofauti na kubahatisha.

Mafuta tumeyahesabu hivi. Kutoka Maralal hadi Marsabit ni kama kilomita 500, na ingawa dizeli hupatikana njiani katika madumu, sitaki safari iitegemee. Katika mchanga na mawe, kwa gia nzito, nalihesabia gari letu lita moja kwa kila kilomita tano, yaani lita 100, kisha naongeza theluthi kwa ajili ya kupotea na kurudi nyuma. Tangi linachukua lita 90, na madumu matatu ya lita 20 yatatufikisha 150. Madumu hayo yatafungwa ndani, nyuma ya siti, wala si juu ya paa, kwa kuwa keria iliyolemewa hukatika katika mikunjo ya barabara iliyojipanga kama bati, na gari lenye uzito juu huyumba vibaya linapoteremka kwenye laga, yaani mkondo wa mto mkavu.

Maji nayo tumeyapimia kwenye kukwama, si kwenye kusafiri. Kutoka Loiyangalani tutakuwa na siku tatu hadi Marsabit: lita sita kwa kila mtu kwa siku ni lita 72. Nimeongeza siku mbili za kukaa mahali pamoja, lita 48 nyingine, zikawa 120. Yasimdanganye mtu maji ya ziwa, kwa maana yana magadi.

Tairi za akiba ni mbili, na zote mbili ni nzima, pamoja na pampu ya upepo inayotumia betri ya gari. Mchangani tutashusha upepo hadi pauni 20, lakini kabla ya kuingia kwenye mawe meusi ya volkano karibu na ziwa tutasimama na kuurudisha, hata kama jua linawaka na kila mtu anataka kufika, kwa sababu tairi iliyolegea hutoa ubavu nje na mawe yale hukata kama shoka. Jeki safari hii itakuwa na ubao wake mpana wa kukalia.

Jambo moja sitaliamua kutoka Nairobi, nalo ni usalama wa kipande cha Baragoi. Mwezi wa Novemba 2012 zaidi ya polisi 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na mji huo, na hadi leo wizi wa mifugo unaweza kuibadilisha njia kwa usiku mmoja. Tutakapofika Maralal tutakwenda kituo cha polisi kabla ya kutafuta chakula, na wakituambia tungoje, tutangoja.

Dada yangu atabaki na karatasi yenye jina la kila tunapolala na saa ambayo, asipopata neno letu, ataanza kupiga simu, pamoja na nani wa kumpigia kwanza. Nimemwomba asinionee haya na asiniongezee saa.

Dereva yule wa lori tulipeana namba wakati ule, na juzi nilimpigia. Bado anabeba mbuzi njia ileile. Alinicheka kidogo, akauliza kama jeki yangu ilipona, kisha akasema kwamba wiki ya pili ya Agosti atakuwa akishuka kutoka North Horr, na kwamba nimpigie tena nikiwa Loiyangalani, jioni, kabla upepo wa mlima Kulal haujaanza, ili tuweze kusikilizana.