Kuku aliyeng'atwa na mbwa: jinsi kidonda kilivyopona

Nilimfunga kuku kwa kitambaa cha kanga, macho yamefunikwa, akatulia. Nikakata manyoya kuzunguka jeraha, nikaliosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nikiyasukuma kwa bomba lisilo na sindano mpaka mchanga wote ukatoka. Kisha ayodini iliyozimuliwa ikawa rangi ya chai nyepesi. Spiriti usitie, huunguza nyama changa.

Hapa Mombasa adui mkubwa ni nzi. Mayai yake, meupe kama vipunje vya mchele vilivyoshikana, huanguliwa funza ndani ya siku moja. Kwa hiyo chandarua mchana kutwa, na kukagua asubuhi na jioni, hasa chini ya bawa.

Mtenge, maana wenzake hudonoa penye damu, ila usimweke ndani ya boksi lililofungwa. Akihema mdomo wazi, joto limemzidi.