Meza ya Kaloleni

Leo Jumamosi nimeshuka matatu pale Jogoo Road, nikamshika binti yangu mkono, tukaingia mtaa wa Kaloleni, hapa Nairobi. Ana miaka saba. Njia nzima alikuwa akiniuliza kama huko tuendako kuna televisheni. Nikamwambia hakuna, lakini kuna meza.

Nimekuwa nikiliwaza jibu hilo tangu tulipofika nyumbani. Tulikuwa tunakwenda maktaba. Mbona sikusema vitabu?

Nililelewa Makongeni, watu sita chumba kimoja. Meza tulikuwa nayo moja, nayo haikupumzika. Asubuhi ni chai, mchana kutwa ni cherehani ya mama, usiku ni ugali, na vyombo vikishaondolewa kaka yangu anatandika chini yake na kulala. Kazi ya shule niliiandikia kitandani, daftari likiwa juu ya mapaja, mwandiko ukipanda na kushuka. Mwalimu alidhani ni uvivu.

Nikiwa darasa la sita, dada mmoja wa ploti yetu aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne akanichukua tukaenda maktaba ya Kaloleni. Si mbali, ni mwendo wa miguu tu. Mkutubi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Akanitazama mikono. "Kaoshe kwanza, mwanangu, halafu uje uchague pa kukaa."

Nichague! Nyumbani mtu alikaa palipobaki.

Nilichagua karibu na dirisha. Nikaweka daftari, rula na penseli, na bado mbao ikabaki tupu mbele yangu, pana kuliko nilivyojua la kuifanyia. Siku hiyo sikugusa rafu hata moja. Nilifanya hesabu za kugawanya, zote, mpaka zile ambazo mwalimu hakutuagiza. Vitabu vilikuja baadaye, polepole, kama mtu anavyoanza kuzungumza na abiria wa kiti cha pili safari ikishakuwa ndefu.

Kuna lawama ninayoisikia mara kwa mara, kwamba watu wetu hawaendi maktaba kusoma vitabu vya maktaba, bali hubeba vyao vya mitihani na kujaza viti. Ni kweli wanafanya hivyo. Nenda maktaba ya Buruburu, au Maktaba Kuu ya taifa kule Upper Hill, msimu wa mitihani unapokaribia. Utaona vijana wa uhasibu na vikokotoo vyao, wanafunzi wa kidato cha nne na madaftari yaliyovimba, na mzee mmoja na gazeti. Mimi siuoni ubaya wake. Huduma ya taifa ya maktaba iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, uhuru ukiwa bado mchanga, na mwaka 1996 ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa kaskazini mashariki. Kule kilichokosekana ni kitabu, basi kikafuatwa na ngamia. Huku mtaani, mara nyingi kitabu tunacho. Kinachokosekana ni mahali pa kukifungulia. Katika Nairobi nzima, ni wapi pengine utakaa saa tatu bila mhudumu kuja kupangusa meza na kukuuliza utakula nini?

Najua pia kwamba kiti hiki hakikuwa cha kila mtu. Babu yangu, baba yake mama, alikuwa tarishi mjini miaka ya 50. Kila siku alipita Banda Street na mkoba wa barua begani, mbele ya simba wawili wa mawe wa maktaba ya McMillan. Jengo lile lilifunguliwa mwaka 1931, kumbukumbu ya mlowezi Sir William Northrup McMillan iliyojengwa na mkewe, Lady Lucie, na kwa miaka mingi lilikuwa la Wazungu pekee. Halmashauri ya jiji ikalichukua baadaye, na likafunguliwa kwa umma. Lakini wakati huo Babu alikuwa amesharudi shambani.

Nilimpeleka mwenyewe nikiwa sekondari, alipokuja Nairobi kutibiwa macho. Alivua kofia huku nje, kwenye ngazi, akaishika mpaka tulipotoka. Mlangoni palikuwa na daftari la wageni. Mimi niliandika jina moja nikataka kupita. Babu akaomba kalamu, akainama, akaandika majina yake matatu herufi kwa herufi, na tarehe, na kijiji chake. Watu walipanga foleni nyuma yetu na sikuona haya hata kidogo. Ndani aliketi, akatazama dari lile la juu, nguzo, watu waliokuwa wakisoma. Hakuomba kitabu, na macho yenyewe yalikuwa yanamsumbua. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Wakati wa kutoka alisema tu, "Kumbe ndani kuna baridi."

Maktaba ya Kaloleni nimeikuta imebadilika. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishirikiana na serikali ya kaunti kuikarabati, na ile ya Makadara vilevile. Rangi ni mpya, na watoto walikuwa wengi, wakisoma kwa sauti bila kukemewa. Wakati wetu ungesikia "shhh!" kabla hujamaliza neno. Nilitaka kuwanyamazisha, halafu nikajizuia.

Binti yangu alizunguka viti vitatu kabla ya kuridhika. Kisha akafungua kitabu chenye picha za samaki, akalaza viwiko vyote viwili mezani, akanisahau.

Tulipofika langoni saa ya kurudi nikaona hana sweta. Akaniambia ameiacha makusudi kwenye kiti, ili Jumamosi ijayo mtu asikae pake. Nikamweleza kwamba pale hakuwekwi alama, anayekuja ndiye anayekaa, na nafasi ipo. Hakuniamini. Ilibidi nirudi ndani mwenyewe kuichukua, kwa sababu ni ya shule na Jumatatu anaihitaji.