Siku moja na prosesa inayolala usingizi wa pono

Saa 11 alfajiri

Sijanawa uso, nishafungua kompyuta. Jana saa 2 usiku niliiacha bodi (kibao cha saketi chenye prosesa ninayoijaribu) mezani na kazi moja tu: kila baada ya sekunde 10 iamke, iitumie kompyuta herufi moja, irudi kulala. Kwa muda wa saa tisa hiyo ni miamko 3,240. Nimeikagua orodha yote. Miamko 3,239 iko sawa. Mmoja, majira ya saa 8 usiku, umechelewa sekunde 2. Si 1.9 wala 2.1. Mbili kamili, na tangu hapo saa ya kerneli, kiini cha mfumo unaoiendesha bodi, iko nyuma kwa sekunde hizo hizo mbili.

Kosa linalotokea kila mara silihofii. Hili la mara moja kwa usiku ndilo linalonikosesha hamu ya chai.

Saa 2 asubuhi

Mama mwenye nyumba kanikuta barazani, kauliza kazi inaendeleaje. Nimejibu kwamba kodi bado ina kasoro, akanikazia macho. Nilikuwa nasema kodi ya kompyuta, mama, siyo yako! Tangu leo nasema msimbo.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mita ya maji inayotengenezwa na mteja wangu, na ndani yake kuna prosesa ndogo ya familia ya Cortex-M0+, ile ambayo kampuni ya Arm iliitangaza mwaka 2012. Jina la chipu silitaji, mkataba unanibana. Memori yake ya kazi ni kilobaiti 32, yaani picha moja ya simu yako haiingii. Mteja anataka itumie Zephyr, mfumo endeshi mdogo wa chanzo huria unaolelewa na Linux Foundation tangu 2016. Kerneli ya Zephyr inaijua Cortex-M0+ kwa ujumla. Isichokijua ni vitu vya chipu hii: saa zake (mapigo ya umeme yanayoipa mwendo), pini zake, na namna yake ya kulala. Msimbo wa vitu hivyo ndio ninaouandika.

Saa 3 asubuhi

Kafika dogo anayejifunza kwangu. Ameona taa ya bodi inapepesa.

"Dada, si inawaka tayari?"

"Kuwaka inawaka. Haijui kulala."

Nimempa hesabu aifanye kwa kalamu. Betri ni ya milliampea-saa 2,400. Mteja anataka miaka 10 bila mtu kufungua mita, na miaka 10 ni saa 87,600. Gawanya: wastani usizidi maikroampea 27. Kisha nikamwambia apime. Multimita ikasema 310. Kwa matumizi hayo betri haimalizi mwaka.

Nilijua kinachokuja, lakini nilitaka akione mwenyewe. Kebo ya dibaga, kifaa cha kuchungulia ndani ya chipu ikiwa kazini, ilikuwa bado imechomekwa. Ukiwa umeunganisha dibaga, chipu nyingi huziacha baadhi ya saa zake zikitembea ili uweze kuzichungulia, kwa hiyo unapima usingizi wa mtu unayemtikisa bega. Tumechomoa: 19. Nyingi ya zilizobaki zilikuwa za pini ambazo hazijaunganishwa na kitu. Pini ya namna hiyo ikiachwa kama ingizo huyumba kati ya sifuri na moja, na kila inapokaa katikati umeme unavuja ndani. Tumezizima moja moja. Imeshuka hadi 6, dogo akapiga makofi.

Saa 5 asubuhi

Sasa zile sekunde 2. Zinatoka wapi nilishajua tangu alfajiri. Swali lilikuwa zinaponyokaje.

Kwa kawaida kerneli kwenye Cortex-M huhesabu muda kwa SysTick, kihesabio cha biti 24 kilichomo kwenye prosesa yenyewe. Kwa megahezi 48 kinamaliza mzunguko kwa kama theluthi ya sekunde. Tabu ni kwamba chipu hii ikilala usingizi mzito, saa kubwa inazimwa na SysTick inasimama nayo. Kerneli ikiamka haijui imelala dakika au siku. Ndiyo maana nimeandika draiva (programu ya kukisimamia kifaa) ya kihesabio kingine, kinachokwenda kwa fuwele ya hezi 32,768, fuwele ile ile ya saa za mkononi. Hiyo hailali. Ila kihesabio kina biti 16 tu: kikifika 65,535 kinarudi sifuri. Gawanya 65,536 kwa 32,768. Umeziona sekunde mbili?

Kwa hiyo kulikuwa na mwamko ambao kihesabio kiliupita bila kupiga kengele, kikazunguka duara zima, ndipo kikaukuta tena. Na kwa kuwa draiva inahesabu tofauti ndani ya biti 16 tu, duara zima kwake ni sawa na kutokwenda popote.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa mbio kati ya kuamua kulala na kulala kwenyewe: katizo (ishara ya kuishtua prosesa iache inachofanya) likiingia katikati, unalala na ujumbe mlangoni. Nimesoma msimbo mara tatu. Hapana. Makatizo yanafungwa kwanza, kisha ndiyo agizo la WFI (lala usubiri katizo), na WFI huamshwa hata na katizo lililofungiwa nje, litahudumiwa ukishafungua. Hapo niko salama.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie. Umeme umekatika, umerudi. Laptopu ina betri, bodi ina betri, feni ndiyo haina.

Saa 8 mchana

Nimelipata jibu kwenye mwongozo wa chipu, katika aya ambayo nimeipita zaidi ya mara kumi. Ukiandika wakati wa kengele kwenye rejista (kijisanduku cha namba ndani ya chipu), thamani hiyo haifiki papo hapo. Inavuka kutoka upande wa saa ya kasi kwenda upande wa saa ya polepole, na safari hiyo inaweza kuchukua mapigo matatu ya saa ya polepole.

Basi picha ikakamilika. Mita ikipitisha maji hutoa mdundo, na mdundo huiamsha prosesa (usiku bodi ya pili ilikuwa ikiigiza midundo hiyo kwa nasibu). Mdundo ukija pigo moja tu kabla ya kengele, kerneli inaamka, inaona bado pigo moja, inaandika kengele upya. Mpaka iandikwe, pigo lenyewe limeshapita.

Saa 10 jioni

Sitaki kusubiri usiku mwingine. Nimeiagiza bodi ya pili itoe mdundo kila baada ya karibu sekunde 10, kwa kufuata fuwele yake yenyewe. Fuwele mbili haziendi sawasawa: hizi zinaruhusiwa kukosea sehemu 20 kwa milioni, ambazo kwa sekunde 10 ni maikrosekunde 200. Kero ya siku nyingine, leo msaada, maana mdundo unateleza wenyewe taratibu kuelekea ile nafasi mbaya. Baada ya dakika ishirini hivi: sekunde 2. Kisha tena. Dogo hakuelewa kwa nini nashangilia kosa.

Tiba ni mistari sita. Kama kengele iko chini ya mapigo manne mbele, isogeze hadi manne. Ukishaandika, soma kihesabio tena. Kikiwa kimeshapita, lichochee katizo kwa mkono. Mapigo manne ni kama maikrosekunde 122. Maji ya bombani hayatajua.

Saa 2 usiku

Jaribio la mdundo unaoteleza limekwenda saa tatu bila kukosa hata mara moja. Nimewasha la usiku kucha, safari hii midundo ya nasibu iko mara mbili. Kiraka, yaani ile mistari sita, nitakituma kesho orodha ikiwa safi.

Wiki iliyopita mjusi alipita juu ya pini, nikapoteza nusu siku nikimtafuta ndani ya msimbo. Nimeifunika bodi kwa bakuli la plastiki, juu yake nimeweka kitabu.