Sindano za Kichina na mlio wa sikio langu

Sikio likilia, mtu anakutaja. Hivyo ndivyo shangazi alivyoniambia, na jirani akaongeza kwamba nimetupiwa kitu. Mimi nimesimama kando ya mashine ya kusaga pale Tandale miaka kumi na moja, lakini hakuna aliyeuliza habari ya mashine.

Kibaya zaidi nilikubali kutiwa mafuta moto ya kitunguu saumu. Sikio liliungua, likatoa maji siku tatu, na mlio ukabaki palepale, mwembamba, kama mbu asiyetua. Nakusihi, usitie chochote.

Daktari wa masikio alinipima usikivu akakuta sauti nyembamba nimezipoteza. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa kwa kelele havioti tena. Aliuliza pia kama nimetumia kwinini au aspirini nyingi, maana nazo huleta mlio. Dawa ya kuuondoa hakuwa nayo.

Ndipo nikaenda kwa Mchina anayetibu kwa kuchoma sindano, Kinondoni, elfu thelathini na kitu kila mara, mara kumi. Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele na hazina dawa ndani. Unaambiwa uachame, zinaingia tatu mbele ya sikio; nyingine nyuma ya ndewe, mgongoni mwa kiganja, na kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu katika tiba yao figo ndizo zinazolisha masikio. Haziumi, unasikia uzito unaosambaa polepole. Nusu saa unalala kimya, na mimi kimya nilikuwa nakiogopa.

Mlio haukuondoka. Shingo ililegea, usingizi ukarudi kidogo, na hilo nashukuru. Lakini aliyeniahidi nitapona kabisa alinikosea. Daktari alinieleza kuwa majaribio ya sindano hizi hayajakubaliana, na mwongozo wa madaktari wenzake wa Marekani wa 2014 haukuzipendekeza wala kuzikataza.

Kilichonisaidia nilikigundua mwenyewe. Usiku mmoja wa masika mvua ilipiga bati, nikashtuka: mlio siusikii! Kesho yake nikaweka redio katikati ya stesheni mbili, ule mchakacho mtupu, chinichini, usiufunike mlio bali uchanganyike nao. Wiki ya kwanza mke wangu alilalamika. Wiki ya sita nililala hadi adhana ya alfajiri. Natumia redio ya betri, umeme ukikatika isizime.

Mashineni sasa navaa vizibo, na kijana wangu wa kupakia magunia nimemnunulia vyake.